Shuka, Kisha Subiri: Mwili wa Mwalimu Mbele ya Watoto wa Awali

Walimu wapya ninaowaelekeza huniuliza karibu wote swali lile lile: "Mtoto akilia, nimwambie nini?" Nami huwauliza: magoti yako yako wapi? Mtoto wa miaka mitatu au minne husoma mwili kwanza. Kabla hujamaliza kusema "karibu", ameshaona kama umemgeukia yeye au umegeukia daftari la mahudhurio, kama mikono yako iko wazi au umeikunja kifuani, kama umemjia taratibu au kwa kishindo. Maneno matamu yakitoka kwenye mwili uliokakamaa hayamtulizi.

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka mingi, na ninachokiamini kuliko vyote katika kazi hii ni kwamba kumsogelea mtoto ni nusu tu ya upendo. Nusu ya pili ni kufika karibu naye kisha ukangoja, ukamwachia yeye hatua ya mwisho. Nusu ya kwanza tunaifanya vizuri: tunakumbatia, tunabeba, tunabana mashavu. Ile ya kungoja ndiyo inayotushinda wengi, na ndiyo nitakayoirudia katika karibu kila jambo hapa chini.

Kushuka

Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida ndiyo kwanza anakaribia mita moja ya urefu. Ukisimama karibu naye, anachokiona mbele yake ni mapaja yako. Ili akuone uso lazima ainue kidevu na kukunja shingo, na akiwa na hofu hatafanya hivyo. Atakutazama viatu tu. Kwa hiyo shuka.

Kushuka si kuinama. Hapa huwa siachi neno lipite. Ukiinama kiunoni huku miguu imesimama wima, uso wako unaning'inia juu ya kichwa cha mtoto na kumzibia mwanga, naye hurudi nyuma nusu hatua. Itazame miguu yake, utaiona hiyo nusu hatua. Chuchumaa, au weka goti moja chini, au kaa sakafuni kabisa. Mimi hupenda goti moja chini: unaweza kuinuka haraka mtoto mwingine akianguka, na lile goti lililobaki juu ni mahali mtoto anaweza kuegemea akitaka. Kama magoti yako yanauma, tafuta vigoda vifupi, na usitafute kimoja tu. Viweke pale kazi ilipo: mlangoni, kwenye kona ya vitabu, karibu na mahali pa kunawia mikono. Kigoda kilicho mbali hutakifuata wakati mtoto analia.

Umbali mzuri ni urefu wa mkono. Ukinyoosha mkono na vidole vikafika begani mwake, inatosha. Wala msikae uso kwa uso kama watu wanaodaiana. Geuza bega kidogo ili mtoto aone kwamba ana njia ya kuondoka. Mtoto anayeona njia ya kuondoka hukaa.

Mvulana mmoja mgeni alijibanza nyuma ya rafu ya vitabu, kidole gumba mdomoni, mkono wa pili umeshikilia mkanda wa begi. Nilikaa sakafuni hatua kadhaa kutoka kwake, ubavu wangu ukimwelekea, nikaanza kupanga vibao vya mbao bila kumwita. Nilimtazama mara moja, nikatabasamu kidogo, nikarudisha macho kwenye vibao. Mnara ulipofika juu kidogo, kibao kilichofuata sikukipanga. Nilikiweka kwenye kiganja, nikalaza mkono juu ya zulia upande wake, nikaendelea kutazama mnara. Kilitoka kiatu kimoja kwanza, halafu bega. Akachukua kibao bila kuniangalia, akakiweka juu kabisa. Mkanda wa begi aliuachia mwenyewe alipohitaji mkono wa pili kuushika mnara usianguke. Sikumpigia makofi wala sikumgusa. Nilitafuta kibao kingine, nikakilaza kiganjani vile vile.

Ningemkodolea macho muda wote ule, asingetoka. Macho yasiyobanduka humzidishia hofu mtoto mwenye hofu. Ubavu wako na mikono yenye kazi ya kawaida humwambia kwamba hakuna anayemwinda.

Mlangoni asubuhi

Hapa ndipo siku inapopangwa, na ndipo haraka yetu inapotuumbua. Mzazi anachelewa kazini, watoto wanaingia wawili watatu kwa pamoja, na mtoto ameng'ang'ania shingo ya mama. Mkono wa mwalimu huenda wenyewe kubandua vidole. Usivibandue. Mtoto aliyenyakuliwa kutoka kwenye mikono ya mzazi hujifunza kwamba mikono yako ndiyo inayomtenga na mama yake, na utaitumia wiki nzima kulifuta hilo.

Fanya hivi. Msogelee mzazi kwa upande, si kwa mbele, ili wewe na mtoto mtazame upande mmoja. Msalimie mzazi kwanza kwa sauti tulivu, mtoto akisikia na kuona kwamba mama yake yuko huru mbele yako, mabega yake yameshuka. Kisha mtazame mtoto, mtaje jina, na ufungue viganja viwili kwenye usawa wa kifua chake. Vifungue tu, viache hapo. Hesabu kimoyomoyo. Watoto wengi huinama kuelekea kwako wenyewe baada ya muda mfupi kuliko unavyodhani. Asiyeinama, mwambie mzazi amshushe chini mwenyewe, mtoto asimame kwa miguu yake, na wewe uwe umeshaweka goti chini. Kwenda kutoka mikono hadi sakafuni ni rahisi zaidi kwa mtoto kuliko kutoka mikono hadi mikono.

Mzazi naye anakusoma. Mama anayeondoka akiwa ametulia huacha mtoto aliyetulia, na alichokiona kwenye mabega yako ndicho kitakachomtuliza.

Darasani kwangu mtoto huchagua salamu yake: kupunga mkono, kugonganisha viganja, kukumbatiana, au kutazamana tu na kupita. Ile ya kutazamana na kupita naiheshimu sawasawa na kukumbatiana. Mtoto akipita bila kunigusa, mwili wangu usimfuate. Nampa uso wote kwa sekunde ile moja anayonitazama, basi.

Uso

Tabasamu la kweli linapanda hadi kwenye macho. Ngozi ya pembeni mwa macho inajikunja. Tabasamu la mdomo peke yake, lililogandishwa tangu saa ya kuingia, watoto huliacha lipite. Sikushauri utabasamu siku nzima. Nakushauri uso wako ujibu. Mtoto akikuonyesha mdudu, nyusi zako zipande. Akikuambia ameumia, uso wako ulainike, mdomo utulie. Uso unaojibu, hata ukiwa umechoka, ni mchangamfu kuliko uso unaotabasamu bila kumwona mtu.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa awali angefaa aujue. Mama alicheza na mtoto wake mchanga wa miezi michache kama kawaida, kisha akaambiwa aendelee kumtazama kwa uso mkavu, asijibu lolote, kwa dakika chache tu. Watoto walijaribu kumrudisha mama: walitabasamu, walitoa sauti, walinyoosha mikono. Waliposhindwa, waligeuza nyuso na miili yao pembeni, wakanyong'onyea. Hakuna aliyewagombeza wala kuwapiga. Uso tu ulikuwa haujibu.

Huwa nawakumbusha walimu utafiti huo ninapoona simu mkononi darasani. Mtoto anakuja na mchoro wake, mwalimu anasema "mzuri" macho yakiwa kwenye kioo. Kwa mtoto huyo, uso huo ni mkavu. Daftari la mahudhurio nalo linaweza kufanya hivyo hivyo, kwa hiyo mimi hujaza majina watoto wakiwa wameshakaa na kazi mikononi. Ukilazimika kuandika mtoto anapokuja, weka kalamu chini, mtazame, sema "namaliza mstari huu nakuja", kisha umalize na uende kweli.

Wengi wetu pia tuna uso wa kufikiri unaofanana na uso wa hasira. Muulize mwenzako akwambie ukweli. Kama ni wako, wazoeze watoto kwa kusema: "Hapa nafikiri, sijakasirika." Watoto wa miaka minne wanalielewa hilo, na baada ya muda watakuuliza wenyewe, "Mwalimu, unafikiri?"

Kuna wakati uso wako unaamua kama mtoto atajaribu jambo au ataliacha. Mwaka 1985 mwanasaikolojia James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza yenye kioo, iliyotengenezwa ionekane kama ina shimo katikati. Mama alisimama upande wa pili. Alipoonyesha uso wa furaha, walio wengi walivuka. Kati ya watoto 17 waliooneshwa uso wa hofu, hakuna hata mmoja aliyevuka. Kwa hiyo siku unapoleta rangi za vidole, au mtoto anapopanda ngazi ya mtelezo kwa mara ya kwanza, ujue wanakutazama wewe kabla ya kukitazama kitu. Ukikunja pua kwa sababu ya rangi kwenye nguo, nusu ya darasa haitatia kidole. Kwenye mtelezo, simama mahali anapokuona uso bila kupinda shingo, mikono iwe tayari lakini imeshuka. Mikono iliyoinuliwa kwa kudaka humwambia kwamba ataanguka.

Mikono

Kiganja kilichofunguka na kutazama juu hualika. Kidole kimoja kilichonyooshwa hushitaki, hata kama unamwonyesha tu mahali pa kuweka kikombe. Onyesha kwa kiganja kizima. Ukitaka mtoto aje akae, piga zulia taratibu pembeni yako mara moja, kisha uondoe mkono na umwachie nafasi.

Mikono kiunoni na mikono iliyokunjwa kifuani iache kwenye chumba cha walimu. Mikono iliyofichwa nyuma pia haifai: mtoto mdogo hupenda kujua mikono ya mtu mzima iko wapi.

Kuhusu kumwongoza mtoto kwa mkono, kuna jambo la usalama hapa. Usimshike kifundo cha mkono ukamvuta, wala usimwinue kwa mkono mmoja hata kwa mchezo. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano hivi, kano za kiwiko bado ni legevu, na mvuto mmoja wa ghafla unaweza kuutelezesha mfupa kutoka mahali pake. Mtoto hulia, kisha huuacha mkono ukining'inia na hataki kuutumia; hapo anahitaji mhudumu wa afya, si kukandwa darasani. Mpe vidole viwili avishike yeye. Mtoto aliyekushika anaweza kukuachia, na mwendo wenu utafuata miguu yake mifupi.

Kugusa

Hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko mahali pengine pote.

Emmi Pikler, daktari wa watoto, alianzisha mwaka 1946 mjini Budapest makao ya watoto wadogo wasio na walezi. Walezi wake walifundishwa kutomgusa mtoto ghafla, hata mchanga wa kubadilishwa nguo. Walimwambia kwanza wanachotaka kufanya, walimwonyesha mikono, kisha wakangoja mwili wake ujibu ndipo waendelee. Ikiwa hilo liliwezekana kwa mtoto asiyesema, linawezekana kwa wa miaka minne anayekuja kwako pua inachuruzika. Usimjie kwa nyuma na kitambaa. Shuka, mwonyeshe kitambaa, sema "naomba nikufute pua", ngoja. Mara nyingi atainua uso mwenyewe. Akitaka kujifuta, mpe kitambaa.

Mwili wa mtoto unaosema hapana una dalili zake. Mabega hupanda kuelekea masikioni. Kidevu hushuka. Kiwiliwili hugeuka pembeni huku miguu imebaki. Au mtoto hulegea kabisa kama hayupo, na hii ndiyo inayodanganya walimu wengi wakadhani amekubali. Ukiona mojawapo, rudisha mkono na useme "sawa" kwa sauti ile ile ya upole uliyoanza nayo. Usinune. Usiseme "basi humpendi tena mwalimu wako?" wala maneno yoyote ya kumfanya ajute kwa kukataa. Mtoto ambaye hapana yake inasikilizwa darasani hujua kuisema pia kwa mtu mwenye nia mbaya.

Mahali pa kugusa ni begani, mgongoni sehemu ya juu, na mkononi, mbele ya macho ya watu wengine. Anayehitaji kusaidiwa chooni msaidie kwa kumtajia kila hatua, na umwachie afanye anachoweza mwenyewe. Kukumbatiana kuanze na mtoto na kuishie kwa mtoto: mikono yake ikilegea, yako ifunguke. Usimbembeleze kwa kumzuia.

Watoto hawafanani. Yuko anayesumbuliwa na mguso mwepesi lakini akatulia ukiweka kiganja chote mgongoni bila kukisogeza. Yuko asiyetaka kuguswa kabisa, naye apewe ukaribu wa aina nyingine: kukaa bega kwa bega, kuchora karatasi moja. Kwa baadhi ya watoto, wakiwemo wenye usonji, kutazamana macho ni mzigo. Usiwashike kidevu kuwageuza. Kaa kandokando na mtoto, nyote wawili mtazame kitu kimoja. Na yuko anayetaka kubebwa siku nzima. Huyu usimfukuze, mpe mahali pa kudumu pembeni yako wakati wa hadithi, akijua kwamba ni pake, na polepole ataanza kuondoka na kurudi.

Mtoto akikosea

Mwili mchangamfu hautabasamu mtoto anapomng'ata mwenzake. Ukitabasamu huku unakataza, unampa mambo mawili kwa pamoja na hajui ashike lipi. Uso uwe makini, mtulivu, bila kukunja ndita. Tembea, usipige kelele kutoka upande wa pili wa chumba: sauti inayovuka chumba inawagutusha watoto wote, na mkosaji haifuati. Fika, shuka, ingiza mkono wako kati yao kiganja kikiwa wazi, na uongee kwa sauti ya chini kuliko yake. "Sitakuacha umng'ate." Kwanza umtazame aliyeumia, umhudumie, huku mwili wako ukibaki karibu na aliyeng'ata. Usimpe kisogo.

Kama mtoto amelipuka, anapiga miguu na kulia, huo si wakati wa maneno. Kaa chini karibu naye, pumua pumzi ndefu zinazoonekana mabegani, ngoja. Wala usidai "nitazame ninapoongea nawe!" Mtoto mwenye aibu au hasira hutazama pembeni ili aweze kukusikia. Mwache atazame ukuta.

Baadaye, wakati mambo yameshapoa, mrudie kwa jambo la kawaida kabisa. Mwombe akusaidie kubeba sanduku la penseli, kaa pembeni yake wakati wa kula. Watoto waliokosea hututazama kwa wizi mchana wote kuona kama bado tuko upande wao, na hotuba haiwajibu swali hilo.

Nani hukumshukia leo?

Watoto wanaokuja wenyewe hupata uchangamfu wote wa mwalimu. Wasiokuja, wale watulivu wasiosumbua, wanaweza kumaliza siku bila mtu mzima kufika kwenye usawa wa macho yao. Wakati wa hadithi, anayekaa pembeni kabisa karibu na bega lako ndiye usiyemwona. Geuza kiwiliwili kizima kuelekea pande zote mbili, si macho tu. Na kabla watoto hawajaondoka, pitia orodha ya majina ukijiuliza: huyu nilishuka kwake? Jina linalokukwamisha, mtafute wakati wa kuaga, umwekee goti chini pale anapovaa viatu.

Njia nzuri ya kujiona mwenyewe ni hii. Kwa ruhusa ya shule na ya wazazi, weka simu juu ya rafu irekodi dakika kumi za asubuhi, kisha uitazame bila sauti na uifute. Bila sauti huwezi kujitetea kwa maneno mazuri uliyosema. Tazama magoti, mabega, mwelekeo wa miguu yako unapoongea na mtoto, na muda unaopita kati ya kunyoosha mkono na kugusa. Chagua jambo moja tu la kurekebisha kwa wiki mbili. Ukikuta mkono wako unamfikia mtoto kabla hajajua kwamba upo, anza na hilo kesho asubuhi: sema unachotaka kufanya, fungua kiganja, hesabu hadi tano.